Kigoda na Swali: Utangulizi wa Somo la Vigoda vya Taaluma katika Sayansi za Jamii

Kuna maswali yasiyojibika ndani ya mradi wa miezi kumi na minane. Kwa nini mkulima hupoteza ardhi yake hata pale sheria inapomlinda? Ilikuwaje nchi zilizopata uhuru zikiimba umoja wa Afrika zikaishia kuilinda kwa nguvu mipaka iliyochorwa na wakoloni? Kwa nini chakula huweza kuwepo sokoni na bado watu wakafa kwa njaa? Anayetaka kuyajibu hana budi kukaa nayo miaka: asome nyaraka ambazo hakuna aliyemtuma kuzisoma, arudi kwa watu walewale aliowahoji mwanzo, abadili mawazo, aandike upya. Na mtafiti naye anakula, anasomesha watoto, ana wanafunzi wanaomtegemea. Hapo swali la elimu hugeuka kuwa swali la fedha: nani atalipia muda huo wote, na akishalipa atadai nini?

Kigoda cha taaluma ni mojawapo ya majibu ya kale kwa swali hilo. Kurasa hizi zinamkaribisha msomaji katika somo la vigoda hivyo: jinsi vilivyoanza na vinavyoendeshwa, vimezifanyia nini sayansi za jamii, na jinsi vinavyoharibika. Nimemwandikia mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, mhadhiri kijana aliyechoka kukimbizana na miradi mifupi, mjumbe wa Baraza la Chuo atakayeletewa hati ya kigoda aipitishe, na mtu mwenye mali anayewaza aache nini nyuma yake. Hakuna kati yao anayehitaji kuwa mchumi au mwanasheria ili aingie. Kinachohitajika ni hamu ya kujua maarifa hutoka wapi na hulipiwa na nani.

Kigoda ni nini, na hula nini

Kigoda cha taaluma ni nafasi ya uprofesa yenye jina lake, uwanja wake na fungu lake la fedha, inayobaki chuoni hata anayeikalia akiondoka. Profesa wa kawaida huajiriwa na idara na kulipwa kutoka bajeti ya chuo. Akistaafu, idara inaweza kulifuta somo lake au kuihamishia nafasi hiyo kwingine. Anayekalia kigoda huchukua nafasi ya aliyemtangulia na baadaye humwachia mwingine. Kwa hiyo anayekichunguza kigoda hatosheki na wasifu wa mtu. Hutaka kujua nani alikianzisha, hati yake inasemaje, mkaliaji anateuliwa na nani, anakaa miaka mingapi, na fedha zinatoka wapi.

Fedha huja kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni wakfu. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja anaufahamu msingi wake, maana ameona shamba la minazi au nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa: mali haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na pato lake hutumika kwa kazi aliyoitaja mtoaji. Chuo kikuu hufanya vivyo hivyo kwa mtaji wa fedha. Mtaji huwekezwa, na kila mwaka hutolewa sehemu ndogo, kwa kawaida kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya mfuko, ili faida inayobaki iukuze mtaji usiliwe na mfumuko wa bei. Tuchukue hesabu ya mfano: mfuko wa shilingi bilioni 3 ukitoa asilimia 4 hukipatia kigoda milioni 120 kwa mwaka. Kiasi hicho kinaweza kugharimia nyongeza ya mshahara wa profesa, wanafunzi kadhaa wa uzamivu, safari za uwandani, mhadhara wa mwaka na uchapishaji.

Njia ya pili ni bajeti ya serikali. Afrika Kusini ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa vigoda vya utafiti mwaka 2006. Kila kigoda hupewa miaka mitano, na kinaweza kuongezewa vipindi hadi kufikia miaka kumi na mitano. Katika mpango huo sayansi za jamii zimepata nafasi yake. Kigoda cha sera za jamii katika Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, alikikalia Profesa Jimi Adesina. Faida ya njia hii ni ukubwa wake, na udhaifu wake ni kwamba bajeti inayotolewa na serikali inaweza kupunguzwa na serikali.

Njia ya tatu ni ya jina na mtandao. Vigoda vya UNESCO, vilivyoanza mwaka 1992, humpa profesa hadhi na uhusiano na wenzake wa nchi nyingine, lakini mara nyingi chuo chenyewe ndicho kinachotafuta fedha. Mwanafunzi mgeni wa somo hili aanze kwa kuzitenganisha njia hizi, kwa sababu vigoda viwili vinaweza kuwa na majina ya fahari sawasawa, kimoja kikiwa na mtaji wa kudumu na kingine hakina hata fedha ya kumlipa karani.

Historia fupi

Desturi ya kumlipa mwalimu kutokana na mali iliyofungwa ni kongwe. Mwaka 1065 waziri Nizam al-Mulk alianza kujenga Nizamiyya ya Baghdad, madrasa iliyoendeshwa kwa wakfu, na mwaka 1091 al-Ghazali akateuliwa kufundisha hapo. Madrasa hiyo ilifungwa na sharti la mwanzilishi wake: ilikuwa ya madhehebu ya Shafi, ndiyo hayohayo yaliyoenea katika mwambao wetu. Tangu siku hizo mtoaji alikuwa na kusudi, na kusudi hilo liliingia katika hati.

Uingereza, Lady Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry VII, aliweka fedha za kufundisha teolojia Oxford na Cambridge mwaka 1502. Mjukuu wake Henry VIII akaanzisha vigoda vitano vya kifalme Cambridge mwaka 1540, kila profesa akipangiwa pauni 40 kwa mwaka. Wakati ule hizo zilikuwa fedha nzuri. Ila fungu lililotajwa kwa kiasi kisichobadilika hupungua thamani kila bei zinapopanda, na chuo hulazimika kutafuta fedha nyingine ili jina liendelee kuwa na mtu.

Sayansi za jamii zilichelewa kupata viti vyake. Oxford ilipata kigoda cha uchumi wa kisiasa mwaka 1825, kwa fedha za Henry Drummond, mwenye benki na mbunge. Sosholojia ilisubiri hadi mwaka 1907, pale Martin White, mtu wa Scotland mwenye ardhi, alipofadhili uprofesa wa somo hilo katika chuo cha LSE cha London. Leonard Hobhouse na Edward Westermarck walianza kazi hapo wakati ambapo vyuo vikongwe vya Uingereza havikuitambua sosholojia kuwa somo. Jambo hili linafaa kukumbukwa: bajeti ya kawaida ya chuo hulipia masomo yaliyokwisha kukubalika, na fungu la pembeni ndilo linaloweza kulipia somo ambalo bado linagombea nafasi yake.

Swali hubaki, majibu hubadilika

Hoja yangu ni hii: kazi ya kigoda bora ni kulinda swali, na hakimfungi mtu kwa jibu. Mifano mitatu itaonyesha ninachokisema.

Wa kwanza ni hicho kigoda cha Drummond. Mkaliaji wake wa kwanza, Nassau Senior, alikuwa mmoja wa waandishi wakuu wa ripoti ya mwaka 1834 iliyoleta sheria mpya ya maskini Uingereza. Sheria hiyo ilibana misaada na kuwasukuma wenye shida katika nyumba za kazi zenye masharti makali. Mwaka 1980 kigoda hichohicho kilikaliwa na Amartya Sen, mzaliwa wa Bengal. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu umaskini na njaa, akaonyesha kwamba baa la njaa la Bengal la mwaka 1943 halielezeki kwa uhaba wa chakula peke yake: watu walikufa kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kukipata chakula kilichokuwepo. Kati ya Senior na Sen imepita karne moja na nusu. Uwanja ni uleule, na suala la umaskini halikutoka mezani, lakini fikra zimegeuka kabisa. Laiti hati ya Drummond ingemlazimisha kila profesa kushikilia rai za mwanzilishi, mgeuko huo usingetokea katika kiti hicho.

Mfano wa pili unapita Dar es Salaam. Mwanahistoria Terence Ranger alifukuzwa Rhodesia mwaka 1963 kwa kusimama upande wa wazalendo wa Kiafrika. Akaja kuwa profesa wa kwanza wa historia katika chuo kipya cha Dar es Salaam, na mwaka 1967, akiwa bado hapo, akachapisha utafiti wake juu ya uasi wa Washona na Wandebele wa mwaka 1896 na 1897 dhidi ya utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes. Miaka ishirini baadaye aliteuliwa Oxford kukalia kigoda cha mahusiano ya kimbari chenye jina la Rhodes. Alikikalia kuanzia 1987 hadi 1997 akiendelea kuandika historia ya Zimbabwe kutoka upande wa Waafrika. Jina juu ya mlango halikumfunga mdomo, kwa sababu uteuzi ulikuwa mikononi mwa wanataaluma.

Mfano wa tatu ni wetu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, hadi mwaka 2013. Aprili 2009 Wole Soyinka alialikwa kutoa mhadhara wa kwanza wa kigoda hicho, na tamasha la kitaaluma la kigoda likawa mahali ambapo wanafunzi, wanaharakati na wazee wa siasa walikaa pamoja kubishana kuhusu Afrika. Jarida la kigoda, Chemchemi, likazaliwa. Baadaye kigoda kilikaliwa na Profesa Penina Mlama, mwanatamthilia na mtafiti wa sanaa za maonyesho, na hapo tukaona kuwa Umajumui si mali ya wanasheria wala ya wanasiasa peke yao.

Shivji ni mtu aliyeandika mwaka 1976, Nyerere akiwa madarakani, kitabu kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, akidai kwamba ndani ya dola ya ujamaa limeota tabaka la watawala wenye maslahi yao. Chuo kilipotafuta mtu wa kwanza wa kukaa katika kigoda chenye jina la Mwalimu, kilimchukua mkosoaji. Mwaka 2020, yeye pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu kupitia Mkuki na Nyota. Ni kazi ya mwanasheria, mwanaisimu na mwanasayansi ya siasa, na ni kazi ya miaka, yenye heshima kwa Mwalimu na isiyoyaficha makosa yake. Kumheshimu mtu kwa kumchunguza kwa kina ndiyo heshima ambayo kigoda kinaweza kuitoa vyema kuliko sanamu au jina la barabara.

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi kwetu

Mwaka 2011 Profesa Mahmood Mamdani, aliyekuwa akiongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, alieleza waziwazi ugonjwa ambao wahadhiri wengi wa Afrika Mashariki waliufahamu kimyakimya. Aliuita utamaduni wa ushauri elekezi. Katika ushauri elekezi mteja huja na swali lake, huandika hadidu za rejea, na mtafiti hulipwa kutafuta jibu. Utafiti wa kweli huanza hatua moja kabla: kuliunda swali lenyewe. Mwaka uliofuata taasisi hiyo ikaanzisha programu ya uzamivu yenye masomo ya kina, ili wasomi walelewe hapahapa wakiwa na uwezo wa kuunda maswali yao.

Simlaumu mhadhiri anayefanya ushauri elekezi. Mishahara ya vyuo vyetu na mafungu ya utafiti yamemfikisha hapo, na ripoti nyingi za namna hiyo zimesaidia vijiji, shule na zahanati. Tatizo huja pale ushauri elekezi unapokuwa chakula pekee cha taaluma nzima. Mteja wa mwaka huu anataka kujua habari za jinsia, wa mwaka kesho tabianchi, wa mwaka mtondogoo utawala bora, na msomi mwenye kipawa anafika umri wa kustaafu akiwa na ripoti mia kabatini na hana kitabu hata kimoja ambacho ni chake. Wanafunzi wake nao wamejifunza kukusanya takwimu za wengine.

Kuna aliyepata utulivu wa kigoda, lakini mbali na nyumbani. Msomi Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha Makerere hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akaondoka Uganda chini ya Idi Amin. Kuanzia mwaka 1989 alikalia kigoda cha Albert Schweitzer katika Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, kimojawapo cha vigoda vilivyoanzishwa kwa fedha za Jimbo la New York. Hapo alijenga taasisi yake ya utafiti wa tamaduni za dunia na kuandika hadi uzeeni. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini tujiulize pia: ni wangapi wa rika lake, wenye akili na bidii kama yake, waliobaki nyumbani bila kiti cha kuwapa utulivu huo?

Mkono wa mtoaji

Anayetoa fedha ana haki ya kutaja uwanja. Akitaka ardhi ichunguzwe, fedha zake zichunguze ardhi. Mpaka unavukwa anapotaka kumchagua mtafiti au kuamua matokeo. Mwaka 1991 Lee Bass alikipa chuo chake cha zamani, Yale, dola milioni 20 kwa ajili ya masomo ya ustaarabu wa Magharibi. Baadaye alitaka kuwa na sauti katika kuwaidhinisha maprofesa watakaofundisha. Mwaka 1995 Yale ilimrudishia fedha zote. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mambo yalikwenda njia nyingine: mkataba wa mwaka 2008 na mfuko wa Charles Koch uliipa kamati ya washauri, iliyoteuliwa na mfuko huo, nafasi ya kupitia majina ya waombaji wa kazi za uchumi zilizofadhiliwa nao. Habari hizo zilipofahamika kwa umma mwaka 2011, zilizua mjadala mkali.

Afrika ilikwisha kulitafakari jambo hili mapema. Mwaka 1990 jumuiya za wanataaluma wa Tanzania zilipitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma, na Novemba mwaka huohuo wasomi wa bara zima wakakutana Kampala kupitisha azimio lao. Wakati ule macho yalielekea zaidi kwa serikali, na kwa sababu nzuri. Leo maazimio hayo yasomwe upya mfadhili, kampuni na shirika la kimataifa wakiwa mbele ya macho yetu, kwa maana shinikizo la fedha huja kwa upole, likiwa limevaa barua ya pongezi.

Kwa anayeanza

Ukitaka kukisoma kigoda, anza na hati yake ya kuanzishwa, na kama chuo hakitaki kuionyesha, hilo nalo liandike. Kisha tengeneza orodha ya wote waliokikalia: wametoka taaluma zipi, wanawake ni wangapi, kimekaa wazi muda gani kati ya mtu na mtu. Kigoda kinachokaa wazi miaka mingi mara nyingi kinakuambia kwamba mtaji haupo au kwamba chuo hakikubaliani juu ya mtu. Soma kilichochapishwa, uangalie kwa lugha gani na kimewafikia kina nani. Tafuta wanafunzi waliolelewa humo, uone wako wapi leo. Mwisho tazama hesabu: mtaji kiasi gani, umewekezwa wapi, unatoa kiasi gani kwa mwaka. Vigoda vya Afrika Mashariki bado havijapata mtafiti wa kuviweka vyote pamoja na kuvilinganisha kwa njia hii, na tasnifu nzuri inamsubiri atakayeanza.

Kwa mjumbe wa Baraza na kwa mtoaji, nina ombi. Msianze na uzinduzi. Anzeni na hati na mtaji. Hati iseme uwanja kwa upana wa kutosha kuvuka vizazi. Iseme kwamba uteuzi unafanywa na jopo la wanataaluma, na mtoaji hana kiti ndani yake. Iweke muda wa ukaliaji na utaratibu wa kumpata mrithi kabla kiti hakijawa wazi. Itamke kwamba matokeo huchapishwa yakimpendeza mtoaji au yakimuudhi, na kwamba hati yenyewe iko wazi kwa umma. Kuhusu mtaji, hatuhitaji kungoja tajiri wa ng'ambo. Benki Kuu ya Tanzania inauza hati fungani za Serikali za miaka 20 na 25, na vyuo vyetu vina wahitimu makumi ya elfu walio mabenki, mahakamani, bungeni na katika biashara. Mfuko unaweza kuanza mdogo, ukaachwa ukue miaka kadhaa kabla haujaanza kutoa, mradi hakuna anayeruhusiwa kuukata uzibe pengo la bajeti ya mwaka.

Jamii isiyolipia maswali yake italipiwa maswali na wengine, na itayapokea majibu yao pia. Vigoda vichache vyenye mtaji wa kweli na hati iliyo wazi, vya ardhi, vya kazi, vya lugha, vya historia ya watu wa kawaida, vitatuwezesha kuamua wenyewe tunataka kujua nini kuhusu maisha yetu. Karibu katika somo hili, na ukishalielewa, karibu katika kazi ya kuvijenga.